Upumbavu: kosa la maadili au bahati mbaya?

Septemba 20, 2018, Alhamisi ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Walikufa watu 228, wakaokolewa 41. Ukijumlisha unapata 269, na hapo hesabu imekwisha. Kinachobaki ni kigumu zaidi: chombo kikijazwa namna ile, tuseme kuna kosa la kimaadili au ni upumbavu tu usio na wa kulaumiwa?

Wanaotetea hili la pili si watu wa kupuuzwa. Lawama humfuata aliyechagua, na hakuna aliyechagua kuwa na akili nzito. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliona kwamba upumbavu ni upungufu wa uwezo wa kuamua, na kwamba hauna dawa. Kama hauna dawa, kumlaumu mwenye nao ni uonevu.

Isitoshe, hatari yenyewe inajificha. Chombo kilichozidishiwa hakizami pale pale gatini. Kinadidimia kidogo, ukingo unasogelea maji, na watu waliosimama juu ya sitaha wanapandisha kitovu cha uzito. Ziwa likitulia, kinafika. Kesho kinafika tena. Balaa huja siku watu wanapohamia upande mmoja ili wawahi kushuka, au chombo kinapokata kona ghafla: kinalala, na kwa kuwa uzito uko juu, hakiinuki. Zile safari zote zilizofika salama ndizo zinazomdanganya abiria. Mtu wa namna hiyo ana ushahidi mkononi, ila ni ushahidi mbovu.

Wenye msimamo mwingine wanaturudisha nyuma kidogo. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikubali kwamba mlevi hajui atendalo, lakini akamtia hatiani kwa sababu kulewa kulikuwa mikononi mwake. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, aligawa mambo mawili: upumbavu wa maumbile si dhambi, ule wa mtu aliyezamia anasa za dunia mpaka asione kingine, huo ni dhambi. Hoja hii naikubali, maana inatupa swali la kumuuliza mtu yeyote: kujua kungekugharimu nini?

Mkata tiketi wa kivuko chochote kujua hakumgharimu kitu. Tiketi zina namba. Ikifika idadi ambayo chombo kinaweza kubeba, anafunga geti. Tajiri wa mitumbwi ya dagaa naye hana pa kujificha. Radi na dhoruba za Ziwa Victoria huchacha usiku kuelekea alfajiri, pepo za nchi kavu zinapokutana juu ya maji yenye joto, saa zile zile vijana wapo ziwani na taa zao. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri. Jaketi okozi nalo hupimwa kwa dakika moja: mvalishe mtu, funga kamba zote, kisha livute juu kutoka mabegani. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno, litamvuka majini. Yaliyogeuzwa mito ya kukalia hadi sponji likasagika yatupwe. Tajiri asiyefanya hata hilo simwiti mpumbavu, maana neno hilo linampunguzia.

Mama mwenye tenga anayejibana kivukoni kwa kuwa kingine ni baada ya saa kadhaa, na gulio halimsubiri, huyo namwondolea karibu lawama yote. Kibarua wa mtumbwini vivyo hivyo: akigoma, kesho nafasi yake ina mtu.

Anayenisumbua ni mwingine kabisa. Hakati tiketi, hamiliki mtumbwi, wala hana amri yoyote. Anamwona kijana mgeni anafunga kamba za jaketi, anacheka: "Unaogopa maji, kwani umetoka Shinyanga?" Kijana analivua. Aliyecheka hajui habari za kitovu cha uzito, na kwa kipimo cha Kant angesamehewa. Lakini amefanya kuuliza kuwe aibu, na hapo mimi simsamehe.