Mashindano ya mabarista: dakika 15 zinapima nini?

Barista, yaani mtaalamu wa kuandaa kahawa mkahawani, anasimama nyuma ya mashine ya espreso, kahawa nzito ya kikombe kidogo. Mbele yake wameketi majaji wanne wa ladha. Anasema yuko tayari, saa inaanza kukimbia. Ana dakika 15 za kuandaa vinywaji 12: espreso nne, vinywaji vinne vya maziwa, na vinne alivyobuni mwenyewe kwa kutumia espreso kama msingi, bila tone la kilevi. Akipitiliza muda, kila sekunde inamkata pointi moja, na akivuka dakika ya 16 anaondolewa.

Ndivyo yanavyoendeshwa Mashindano ya Dunia ya Mabarista, yaliyoanza Monte Carlo mwaka 2000, ambapo Robert Thoresen wa Norway alitwaa ubingwa wa kwanza. Kila nchi inapeleka bingwa wake, na mchujo unaendelea hadi wanabaki sita wa fainali. Wapo wanaoyaona kama maonyesho ya watu wachache wenye kahawa za gharama, yasiyo na uhusiano na kikombe anachonunua mtu akikimbilia kazini. Wengine wanasema bila mashindano haya, barista angeendelea kuhesabiwa kibarua anayesubiri kazi ya maana. Nimeyafuatilia kwa miaka kadhaa, na kinachonivuta hasa ni jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka: ahadi.

Kabla jaji hajagusa kikombe, barista anamweleza atakachokipata humo. Anamwambia akoroge vipi, anywe mafunda mangapi, na ladha zipi zitamjia. Akisema espreso hii inaanza na chungwa bivu na kumalizia na asali, jaji analitafuta hilo chungwa. Asipolipata, alama zinashuka hata kama kahawa yenyewe ni tamu. Mtu hawezi kutoa ahadi ya namna hiyo kwa kubahatisha. Lazima ajue aina ya mbuni, buni zilichachushwa vipi, zilikaangwa hadi wapi, maji yake yana madini gani, na kusaga laini zaidi kidogo kutaharibu au kutaokoa nini. Mafunzo hayo yote mtu hurudi nayo kazini, ashinde asishinde.

Pembeni yupo jaji wa ufundi, ambaye watazamaji humsahau. Anainama karibu na kaunta na karatasi yake, akitazama unga wa kahawa uliomwagika, kama chujio lilifutwa likakauka kabla ya kujazwa, kama bomba la mvuke lilifutwa na kupulizwa mara baada ya kuchemsha maziwa. Napenda sana sehemu hii. Ni usafi na uangalifu uleule unaotakiwa kwa mteja wa kawaida, na hapa unapewa alama.

Tena, yanayojaribiwa jukwaani hayabaki jukwaani. Mwaka 2013 Matt Perger wa Australia alisagia espreso yake kwa EK43, mashine iliyokuwa ikijulikana zaidi kwa kusaga kahawa ya kuuza madukani. Alishika nafasi ya pili, na baada ya hapo mashine hiyo ikaenea kwenye mikahawa ya nchi nyingi. Miaka miwili baadaye Sasa Sestic, naye wa Australia, alishinda kwa kahawa ya Kolombia ambayo buni zake mbivu zilifungiwa ndani ya matangi yenye hewa ya kaboni dioksidi, mbinu iliyoazimwa kwa watengeneza mvinyo. Leo wakulima wengi wanaizungumzia mbinu hiyo kama sehemu ya kazi yao.

Hata hivyo, malalamiko dhidi ya mashindano haya nayo yana uzito. Lililo wazi zaidi ni fedha. Mshindani anahitaji kahawa adimu, mkufunzi, vyombo, na miezi ya mazoezi ambayo kila siku inamwaga maziwa na kahawa. Aina ya mbuni iitwayo gesha, yenye asili Ethiopia lakini iliyopata umaarufu Panama kuanzia 2004, imeonekana jukwaani mara nyingi kiasi kwamba mwenye kahawa nzuri ya kawaida anaanza akiwa nyuma. Ilichukua hadi 2011 kwa nchi inayolima kahawa kutoa bingwa, Alejandro Mendez wa El Salvador. Mwanamke wa kwanza kushinda, Agnieszka Rojewska wa Polandi, alipatikana 2018. Hali imebadilika: Boram Um wa Brazili, ambaye familia yake inalima kahawa, alishinda 2023, na Mikael Jasin wa Indonesia akafuata 2024. Lakini hadi mwaka 2025 hakuna bingwa aliyetoka Afrika, bara ambako arabika yenyewe, jamii ya kahawa inayotumika zaidi jukwaani, ilizaliwa.

Linaloniuma zaidi ni lugha. Mashindano yanaendeshwa kwa Kiingereza. Mshindani anaruhusiwa mkalimani, ila haongezewi muda, kwa hiyo kila sentensi inayotafsiriwa inamlia dakika zake. Na hata mwenye Kiingereza safi anakutana na kizingiti kingine: majina ya ladha. Gurudumu la ladha linalotumika sana, yaani mchoro wa duara wenye orodha ya majina ya ladha za kahawa, lililotolewa Marekani 1995 na kusahihishwa 2016, limejaa matunda ambayo baadhi ya watu hawajawahi kuyaona. Barista aliyekulia mahali ambako bluberi haioti anaweza kuitambua ladha hiyo barabara kwa jina la tunda la kwao, lakini jaji halijui tunda hilo. Ahadi ni ya kweli, aliyepewa ndiye hawezi kuithibitisha. Hapo ulimi wa barista hauna kosa, ila alama anazipoteza.

Wengine hulalamika kwamba jukwaani hakuna foleni ya wateja wala oda zinazogongana. Sioni hoja kubwa hapo. Mkimbiaji wa mita 100 hatumdai abebe mizigo.

Dawa ya sehemu ya matatizo hayo ya fedha na lugha ipo tayari, tena ndani ya familia hiyohiyo ya mashindano. Katika mashindano ya dunia ya kahawa ya kuchuja, kuna sehemu ya lazima ambayo washindani wote wanapewa kahawa ileile ambayo hawakuichagua. Hawahutubii. Kila mmoja anaitafuta ladha yake kwa kusaga, kuonja na kurekebisha, kisha vikombe vinakwenda kwa majaji wasiojua vimetoka kwa nani. Kwenye espreso, raundi moja tu ya namna hiyo ingemweka bingwa wa nchi maskini na bingwa wa nchi tajiri mbele ya gunia moja la kahawa, na jaji angebaki na kikombe peke yake.