Siku ya kuzaliwa haina saa

Wiki iliyopita nilimsindikiza baba kwenye ofisi moja kufuatilia mafao yake. Karani akatazama kioo cha kompyuta, akatazama kitambulisho, akarudi tena kwenye kioo. "Mzee, tarehe hazilingani. Hapa umezaliwa 1950, kwenye mfumo ni 1949." Baba hakubishana. Alinigeukia akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nani kanibadilishia mwaka?"

Kitambulisho chake kinasema 1 Januari 1950, kama vya wazee wengi walioandikishwa ukubwani wakiujua mwaka tu. Mfumo unasema 31 Desemba 1949. Mfumo wao sijauona kwa ndani, lakini kosa la namna hii nimeshakesha nalo kazini, na alama zake nazijua.

Fungua kompyuta yenye mfumo wa Linux uandike amri hii: zdump -v Africa/Nairobi. Utaona historia ya saa yetu kama kompyuta inavyoijua. Inaanza na saa ya jua ya Nairobi, saa 2, dakika 27 na sekunde 16 mbele ya saa ya Greenwich, Uingereza, ambayo ndiyo kipimo cha saa za dunia. Halafu saa mbili na nusu, halafu tatu, inarudi mbili na nusu, kisha inakuja mbili na dakika 45, ndipo inatulia kwenye tatu. Wengi wetu tumeandika programu miaka kumi tukiamini Afrika Mashariki ni +3, yaani saa tatu mbele ya Greenwich, tangu dunia iumbwe. Na ukiweka Africa/Dar_es_Salaam haikusaidii, maana siku hizi jina hilo linaelekezwa kwenye rekodi za Nairobi. Kanzidata ya majira, yaani rekodi za saa za dunia ambazo kompyuta husoma, huunganisha maeneo ambayo saa zao zinalingana tangu 1970. Ya nyuma ya hapo haiyapi uzito uleule.

Sasa angalia baba anavyopotea. Fomu inapokea 1 Januari 1950. Msimbo, yaani maagizo ya programu, unaongeza saa sita kamili usiku, ambayo hakuna aliyeitaja, kisha unatoa saa tatu ili kuhifadhi kwa saa ya Greenwich. Seva nyingine, yaani kompyuta nyingine ya mfumo uleule, inaisoma ile tarehe. Hii ina toleo la zamani la kanzidata ya majira, linalosema saa yetu ilikuwa mbili na dakika 45 hadi 1960. Matoleo mapya yanasema ilikoma 1942. Basi inaongeza mbili na dakika 45, na inafika saa sita kasorobo, usiku wa tarehe 31 Desemba. Mwishowe ukurasa unakata saa na kuonyesha tarehe peke yake. Ile robo saa haionekani popote, na mwaka umeshabadilika.

Seva mbili, msimbo mmoja, matoleo mawili ya kanzidata, na mtu ana siku mbili za kuzaliwa. Ukijaribu kwa tarehe yako ya 1992 kila kitu kinakwenda sawa. Wanaoumia ni wazee, na hao hawamo kwenye data zetu za majaribio.

Dawa yake ni fupi mno, na ndiyo maana naumia. Safu ya siku ya kuzaliwa iwe ya aina ya DATE. Mwaka, mwezi, siku, basi. Hakuna saa, hakuna Greenwich. Nakubali, muamala wa pesa unahitaji saa kamili na majira yake, na hapo wanaosisitiza kuhifadhi kila kitu kwa UTC, yaani saa ileile ya Greenwich, wako sahihi. Lakini kuzaliwa kwa mtu kwenye fomu si muamala. Hata lugha yetu haikubaliani na usiku wa manane kuwa mpaka wa siku. Tunasema usiku wa kuamkia Jumatano, na kila mtu anaelewa.

Mengine ya aina hii yapo mengi. Lugha ya programu ya JavaScript huhesabu Januari kuwa mwezi wa 0. Kwenye programu nyingi ukijumlisha 0.1 na 0.2 unapata 0.30000000000000004, kwa hiyo hesabu za fedha zifanye kwa senti nzima. Namba ya simu ihifadhi kama maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo italiwa. Haya vijana wanayajua wiki ya kwanza kazini, kwa sababu yanawauma wao wenyewe.

La robo saa linamuuma mtu ambaye hatakuja kuripoti kosa. Baba aliambiwa akalete hati ya kiapo. Aliweka kitambulisho mfukoni, akamshukuru karani, tukashuka ngazi taratibu kwa sababu ya goti lake.

Nawaomba mnaotunza mifumo yenye majina ya wazee: leo, kabla ya kufunga kazi, tafuteni waliozaliwa 31 Desemba kabla ya 1960. Wakiwa wengi kupita kiasi, mmeshawapata.