Kwa nini bado ninasuka transfoma za kati

Kila ninapomwonyesha mtu anayejua umeme amplifaya yangu ya vali (zile taa za kioo za kukuza sauti), swali lake la kwanza huwa ni juu ya transfoma ya kati, kile chuma kizito kilichokaa kati ya vali inayosukuma na vali ya mwisho, mahali ambapo mafundi wengi wangeweka kapasita moja ndogo na kuendelea na kazi. Huniambia kwamba nimeongeza karibu kilo moja ya uzito na gharama isiyo na faida. Kuhusu uzito sina ubishi. Kuhusu gharama ninao, kwa sababu hesabu wanayoipiga ni ya Ulaya na Marekani, ambako transfoma ya namna hii hununuliwa ikiwa tayari na mnunuzi hulipia hasa saa za mkono wa msukaji. Hapa Mbeya mkono huo upo. Pale Mwanjelwa wapo wazee ambao wamesuka mota za mashine za kusaga na za pampu za maji kwa miaka mingi, na waya wa shaba unaotakiwa kwa transfoma moja ya kati haufiki robo kilo.

Transfoma za kati zilikuwa jambo la kawaida katika redio za miaka ya 1920. Vali za wakati ule zilikuza kidogo, kwa hiyo transfoma yenye uwiano wa mizunguko wa 1 kwa 3 iliongeza volti bila kuongeza vali nyingine. Zilipopatikana vali zenye ukuzaji mkubwa, viwanda vikahamia kwenye rezista na kapasita, ambazo ni rahisi na nyepesi. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa kiwanda kinachotengeneza maelfu ya redio. Mimi natengeneza moja kwa ajili ya sebule yangu.

Vali yangu ya mwisho ni ya aina ya 2A3, ambayo kwa volti 250 na miliampia 60 hutoa wati 3.5, na ili izitoe zote gridi yake, yaani mlango wa kuingizia sauti, huhitaji kusukumwa kwa kilele cha volti 45. Anayeisukuma ni 6SN7, kioo kimoja chenye vali mbili ndani, ambayo hupenda volti 250 kwenye anodi, upande wa kutolea sauti, na mkondo wa miliampia 9. Ukiilisha kupitia rezista ya omu 22,000, rezista hiyo peke yake inakula volti 198, na unalazimika kutafuta umeme wa karibu volti 450 kwa ajili ya vali ndogo kuliko zote. Koili ya transfoma yangu ina omu 1,000 hivi, kwa hiyo inakula volti 9 tu, na umeme wa volti 300 unatosha vali zote mbili. Isitoshe, anodi iliyofungwa kwenye koili inaweza kupanda juu ya volti za umeme unaoilisha, jambo ambalo rezista haiwezi kuliruhusu hata siku moja.

Faida ya pili niliigundua kwa masikio kabla ya kuielewa kwa kalamu. Nyimbo za kwaya, hasa pale soprano zinapopanda kwa pamoja na ngoma ikaingia, husukuma gridi ya 2A3 hadi inaanza kunywa mkondo. Kukiwa na kapasita, mkondo huo unaichaji, na vali inabaki imebanwa hadi kapasita ijimwage polepole kupitia rezista ya gridi. Sikio husikia kwaya imekabwa koo kwa kitambo kifupi baada ya kila kilele. Kwenye transfoma gridi inaona omu elfu moja tu, na hurudi mahali pake papo hapo. Upotoshaji wa kilele chenyewe upo palepale, lakini hauachi mkia.

Wapo wanaojisifu kwamba amplifaya zao za transfoma hazina kapasita hata moja katika njia ya sauti. Yangu inayo, kati ya nusu mbili za 6SN7, na kapasita ya mwisho ya kuchuja umeme nayo hupitisha sauti, apende mtu asipende.

Ubaya wa transfoma hii uko kwenye besi. Ili masafa ya hezi 20 yasipungue kwa zaidi ya desibeli 3, vali yenye ukinzani wa ndani wa omu 7,700 kama 6SN7 inahitaji koili ya henri 61, henri ikiwa kipimo cha uwezo wa koili kuzuia mkondo geu. Hiyo inasukika. Kijana mmoja kutoka Uyole aliniletea vali ya ECC83 aliyoitoa kwenye redio ya zamani, akitaka nimsukie transfoma yake. Ukinzani wa vali hiyo ni omu 62,500, na henri zinazotakiwa zinakaribia 500. Vali yake ya mwisho ilikuwa EL84, ambayo hutosheka na volti 7 hivi kwenye gridi. Kwa volti chache hivyo hakuhitaji transfoma. Nilimpa kapasita mbili na chai, kwa kuwa ilikuwa Juni na baridi ya Mbeya haina mzaha.

Transfoma yangu ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilitumia vibati vyenye umbo la E na I vya stabilaiza iliyokufa, nikavipanga kwa kupishanisha kama vilivyokuwa. Mkondo mnyoofu wa 6SN7 ulijaza sumaku kwenye chuma, na besi ikawa uji. Ilibidi nivitoe vyote, nipange E zote upande mmoja na I zote upande wa pili, kisha niweke karatasi katikati ili kuacha mwanya. Mzee aliyenisukia koili, mizunguko 4,000 kwa kila upande kwa waya wa milimita 0.12, aliniangalia kwa huruma akasema, "Mwanangu, mwanya kwenye chuma ndio ugonjwa tunaoutibu sisi." Kwa mota anasema kweli. Hapa mwanya unapunguza henri, lakini zilizobaki hazitoroki mkondo ukipita.

Kupima henri hakuhitaji chombo cha ghali. Nilichukua volti 12 za mkondo geu kutoka transfoma ndogo, nikazipitisha kwenye koili pamoja na rezista ya omu 1,000, na mita ikasoma volti 0.6 juu ya rezista. Huo ni mkondo wa miliampia 0.6, yaani ukinzani wa karibu omu 20,000, na ukigawanya kwa 314 kwa umeme wetu wa hezi 50 unapata henri 64 hivi.

Uwiano niliuacha 1 kwa 1. Wa 1 kwa 3 unavutia kwa sababu volti zinapatikana bure, lakini kapasitansi yote iliyo upande wa gridi huonekana kwa 6SN7 imekuzwa mara 9, na sauti za juu hufifia.

Kilichobaki kilikuwa mvumo. Transfoma ya umeme hutawanya sumaku, na koili yenye mizunguko elfu nne huipokea kwa furaha. Kabla ya kutoboa shimo lolote kwenye chasisi, niliwasha transfoma ya umeme peke yake, nyaya zake za volti kubwa zikiwa zimefunikwa vizuri, nikaunga spika za masikio kwenye koili ya transfoma ya kati, kisha nikaisogeza na kuigeuza juu ya bati hadi mvumo ulipokaribia kutoweka. Pembe haikuwa nyuzi 90 kamili kama nilivyotarajia. Niliizungushia penseli hapohapo, nikazima umeme, nikaenda kutafuta drili.