Kipara cha Hisani Si Utovu wa Nidhamu

Mwanafunzi amenyoa kipara. Alitangaza mapema kwamba atanyoa, akachangisha fedha za kusaidia wagonjwa wa saratani, wazazi wakaridhia, ndugu na majirani wakatoa walichojaliwa. Jumatatu anafika shuleni, anaitwa ofisini, anaambiwa nywele zake ni fupi kuliko kanuni inavyoruhusu. Haingii darasani. Anakalishwa chumba cha peke yake, au anarudishwa nyumbani, mpaka nywele ziote.

Habari za namna hii haziishi. Mwaka 2014, mjini Grand Junction katika jimbo la Colorado, Marekani, msichana wa miaka 9 alinyoa kichwa ili rafiki yake aliyekuwa akitibiwa saratani asiwe peke yake na kipara. Kanuni za shule yake zilikataza vichwa vilivyonyolewa, akazuiwa kuhudhuria masomo. Habari ilipoenea, bodi ya shule ikakutana na kupiga kura ya kumruhusu arudi. Huko Cornwall, Uingereza, msichana wa sekondari aliyenyoa ili nywele zake zitengenezewe wigi za watoto wagonjwa aliambiwa afunike kichwa kwa kitambaa.

Shule zinazofanya hivi zinakosea, na anayeumizwa zaidi na kosa hilo si yule aliyenyoa. Nitafika huko.

Sipingi kanuni za mwonekano. Shule yenye mamia ya watoto haiwezi kwenda kwa kila mmoja kufanya apendavyo, na sare huwasitiri watoto ambao kwao hakuna kitu. Wanaotetea ukali husema samaki mkunje angali mbichi, na hapo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na adhabu ambayo mtoto hana uwezo wa kuimaliza. Shati likiwa nje, mwalimu wa zamu anasema chomekea, mtoto anachomekea, yamekwisha. Hereni inavuliwa. Rangi ya kucha inafutwa. Nywele zilizonyolewa hazirudishwi kwa utii wala kwa majuto. Nywele za kichwani huota kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo shule inayodai urefu wa mashine namba 3, yaani karibu milimita 10, ikimtenga mtoto mpaka afikie hapo imemtoa darasani kwa takribani mwezi mzima. Aliyempiga mwenzake uwanjani huenda akasimamishwa siku chache akarudi. Aliyenyoa kwa kumhurumia mgonjwa anakaa nje akisubiri kichwa chake kiote nywele. Mzani wa namna hiyo hauwezi kuitwa nidhamu.

Tukumbuke pia kwamba kanuni yenyewe haikushuka kutoka mbinguni. Ziko shule duniani zinazotaka kila kichwa kinyolewe, na ziko zinazokataza kunyoa, na zote husema zinalinda unadhifu. Uingereza, woga wa kipara una historia yake: mwishoni mwa miaka ya 1960 walitokea vijana walioitwa skinhead, na katika miongo iliyofuata kichwa kilichonyolewa kikaja kuhusishwa na fujo na ubaguzi wa rangi. Mwalimu aliyekataza kipara wakati huo alikuwa na jambo la kweli mbele yake. Lakini kanuni ikishaandikwa hubaki kwenye daftari hata pale waliosababisha iandikwe wamekuwa mababu.

Mahakama zimewahi kuligusa jambo hili kwa pembeni. Mwaka 2011, Mahakama Kuu jijini London ilisikiliza kesi ya mvulana Mwafrika-Karibiani aliyekataliwa na shule moja ya Harrow kwa sababu alisuka nywele mistari, kama ilivyokuwa desturi ya familia yake. Shule ilisema inahofia mitindo ya makundi ya vijana wahalifu. Jaji hakuifuta kanuni ya nywele. Alichosema ni kwamba kuishikilia bila nafasi yoyote kwa mtoto ambaye kusuka ni desturi ya kweli ya familia yake kulikuwa ni ubaguzi usio wa moja kwa moja. Ni kesi ya rangi na ukoo, haihusu hisani, lakini kiini chake kinanihusu hapa: kanuni nzuri inaweza kutenda dhuluma kwa sababu tu haina mlango wa kumtazama mtoto aliye mbele yake.

Marekani nako, mwaka 1969, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Tinker, ya wanafunzi wa Des Moines waliovaa vitambaa vyeusi mkononi kuomboleza waliokufa katika vita vya Vietnam. Mahakama ilisema wazi kwamba haizungumzii urefu wa sketi wala mitindo ya nywele, na sitaigeuza iseme isichosema. Ila kipimo ilichokitumia kingemfaa mwalimu mkuu yeyote: je, kuna vurugu halisi iliyotokea au inayotarajiwa kwa sababu za msingi, au kuna hofu tu? Kipara cha mtoto mmoja kinasababisha dakika chache za minong'ono asubuhi ya kwanza. Kufikia mchana watoto wameshazoea. Kinachogeuza jambo hilo kuwa gumzo la wiki nzima ni adhabu.

Sasa nije kwa mtoto ninayemfikiria zaidi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 wenye umri wa kuanzia 0 hadi 19 hupata saratani. Katika nchi tajiri zaidi ya 80% hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona ni chini ya 30%. Saratani ya damu ndiyo inayoongoza kwa watoto. Wengi wao hutibiwa kwa dawa zinazoua seli zinazogawanyika kwa kasi, na kwa kuwa seli za mashina ya nywele nazo hugawanyika kwa kasi, dawa hazizibagui. Wiki 2 hadi 4 baada ya matibabu kuanza, nywele huanza kubaki kwenye mto na kwenye kitana. Mtoto huyu hakuchagua chochote. Tena akipata nafuu, jambo analolitamani kuliko yote mara nyingi ni hilo dogo kabisa: kurudi shuleni, kukaa kwenye dawati lake, awe mtoto kama wengine.

Shule husema, "Lakini mgonjwa tunamruhusu, ana barua ya daktari." Najua. Hebu tulitazame jambo hilo kwa macho ya mtoto mwenyewe. Yupo darasani na kipara chake kwa kibali maalumu. Rafiki yake ananyoa ili wafanane, kisha rafiki huyo anatolewa darasani mbele ya wote kwa sababu kichwa cha namna hiyo hakifai kuonekana hapa. Mtoto wa miaka 10 anaelewa nini hapo? Anaelewa kwamba kichwa chake ni kosa, isipokuwa yeye amesamehewa. Barua ya daktari haiwezi kuliondoa hilo. Shule inadhani inazungumza na mtoto mmoja kuhusu nywele, kumbe inazungumza na kila mtoto aliyepoteza nywele kwa saratani, kwa alopesia (ugonjwa wa kupukutika nywele), kwa kuungua, na kumwambia kwamba sura yake ni jambo la kuvumiliwa tu.

Agizo la kufunika kichwa kwa kitambaa ndilo linalonichoma zaidi. Wagonjwa wengi huvaa vitambaa na wigi kwa hiari, na hiyo ni haki yao. Kumlazimisha asiye mgonjwa afunike ili wengine wasione ni kufundisha darasa zima kwamba upara ni aibu ya kufichwa. Aliyenyoa alikusudia kinyume chake kabisa.

Kuna upande ambao hata sisi tunaowatetea wanyoaji huusahau. Mgonjwa aulizwe. Si kila mtoto anayeumwa anataka rafiki zake wanyoe kwa jina lake. Mwingine anatamani ugonjwa wake usizungumzwe kabisa. Kunyoa kwa ajili ya mfuko wa tiba ni jambo moja, kunyoa kwa ajili ya mtoto fulani anayejulikana darasani ni jingine, na hili la pili linahitaji neno lake kwanza. Vivyo hivyo, mtoto asilazimishwe na wenzake kunyoa ili asionekane hana huruma. Hapo ndipo ningependa kumwona mwalimu akiwa mkali.

Hoja yenye uzito zaidi upande wa shule ni ya usawa: tukimruhusu mmoja, kesho watakuja kumi, kila mmoja na sababu yake. Nimeifikiria hoja hii sana na bado haisimami. Hisani hii huacha ushahidi. Kuna fomu ya wachangiaji, kuna taasisi inayopokea fedha, kuna sahihi ya mzazi. Huko Marekani shirika la St. Baldrick's limekuwa likiandaa matukio ya kunyoa kuchangia utafiti wa saratani za watoto tangu mwaka 2000. Australia ina kampeni yake ya kila mwaka ya saratani ya damu. Haya si mambo ya kificho. Mwalimu anaweza kuthibitisha kwa simu moja. Na hata wakija kumi kweli, shule imepata wanafunzi kumi waliojitolea kwa ajili ya wagonjwa. Sioni hasara iko wapi.

Wengine husema angekimbia, angeuza keki, kwa nini lazima anyoe? Kwa sababu kunyoa kunagharimu kitu. Msichana aliyefuga nywele miaka mingi akizitoa zitengenezewe wigi, anatoa kitu chake mwenyewe, na watu wanaomchangia wanaliona hilo.

Je, alipaswa kuomba ruhusa kabla? Ndiyo. Mtoto anayejua kanuni na kuipita kimya amekosea adabu, na mzazi aliyenyamaza amekosea zaidi. Kosa hilo lina ukubwa wake: mazungumzo ofisini, barua kwa mzazi, basi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 28, unataka nidhamu ya shule itolewe kwa namna inayolinda utu wa mtoto. Kifungu cha 12 kinampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Kabla ya kumtoa darasani, mtu alikaa naye akamuuliza kwa nini alinyoa?

Ninachowaomba walimu wakuu na bodi ni kidogo. Ongezeni sentensi moja kwenye kanuni: mwanafunzi anayetaka kunyoa kwa ajili ya hisani alete taarifa yeye na mzazi wake wiki mbili kabla, na akishanyoa aendelee na masomo yake kama kawaida, bila kofia wala kitambaa asichokitaka. Isomeni siku ya kwanza ya muhula, watoto wote wasikie. Na kama hivi sasa yupo mtoto aliyetengwa kwa sababu hii, arudishwe darasani kesho asubuhi, afidiwe vipindi vilivyompita, na kumbukumbu ya adhabu iondolewe kwenye faili lake.