Tulipoiacha "Yah:" shuleni

Kila Julai wanakuja. Mashati yamepigwa pasi, barua ya chuo imo kwenye bahasha ya kaki, na wanapanda ngazi za ofisi yetu hapa Kurasini wakimwamkia kila wanayepishana naye. Sisi ni mawakala wa forodha, kazi yetu ni kutoa mizigo ya watu bandarini. Wanafunzi wa fildi huletwa kwangu. Wakifika wote wana hofu moja, Kiingereza. Wakubwa wa maofisi ya mjini nao, ukikaa nao chai, wana lawama hiyohiyo: vijana wa siku hizi hawajui Kiingereza. Mimi nimeacha kuamini kwamba ugonjwa uko hapo.

Mwaka juzi nilipata binti wa mwaka wa tatu ambaye Kiingereza chake kimenyooka kuliko changu. Nikampa kazi ya kumwandikia wakala wa meli atupe DO, ile hati ambayo bila hiyo kontena halitoki. Ndani mlikuwa na vipuri vya pikipiki vya mteja wetu wa Kariakoo. Binti akaandika aya tatu. Alianza kwa kumjulia hali msomaji, akaomba kwa unyenyekevu, akaitukuza ofisi ya wakala mara mbili, kisha akashukuru kwa ushirikiano ambao hata ulikuwa haujatokea. Nikapitisha macho juu juu, nikapendezwa, nikamwambia tuma.

Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili jioni likaja jibu la maneno mawili: "BL number?"

Haikuwemo hiyo namba ya BL, hati ya meli inayoutambulisha mzigo. Wala namba ya kontena, wala jina la meli, wala stakabadhi ya malipo. Kwenye kichwa cha imeili palikuwa na neno moja tu, "Request". Siku za bure zikawa zimekwisha, demareji, ile tozo ya kuchelewesha kontena, ikaanza kuhesabiwa, tena kwa dola. Mteja akagoma kulipa, na alikuwa na haki. Tukalipa sisi. Nusu ya kosa lile ni langu, maana niliisoma sarufi nikasahau kuisoma barua.

Wiki ileile kijana mwingine, ambaye Kiingereza kinamtoka kwa kudonoa donoa, aliomba DO ya mzigo mwingine. Aliandika namba ya BL, halafu: "We pay yesterday, receipt attached, please DO today before 3pm, truck is waiting." Dakika ishirini, DO ikaingia. Hiyo "we pay" ni kosa, nilimsahihisha, na ofisi nyingine wangemcheka. Lakini aliyeisoma imeili ile alikuwa Mumbai, ana nyingine mia zinamsubiri, na Kiingereza kwake ni lugha ya shuleni kama ilivyo kwetu. Alitaka kujua mzigo upi, umelipiwa au la, na unatakiwa lini. Akajua.

Mwalimu Nyerere alipata kusema kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Wengi wanaikumbuka kauli hiyo kama amri ya kukipamba. Mimi naisikia kwa masikio ya Kariakoo. Pale Mchaga, Mmakonde na Mhindi wanauziana kwa Kiswahili, kila mmoja na lafudhi yake, na hakuna anayemkosoa mwenzake ngeli kabla bei haijaeleweka.

Kinachoniuma ni kwamba jambo hili tulifundishwa tukiwa watoto. Barua rasmi, shule ya msingi: anuani mbili, tarehe, "Ndugu", halafu kwa herufi kubwa zilizopigwa mstari, "YAH: MAOMBI YA RUHUSA YA SIKU MBILI". Mwalimu wangu alikuwa anachapa aliyesahau Yah. Msomaji hajaanza hata aya ya kwanza, anajua umemjia kwa lipi. Maofisi ya serikali bado yanaandika hivyo, na Kumb. Na. yake juu, na nakwambia barua hizo zinasomeka haraka kuliko imeili nyingi za kampuni zenye viyoyozi.

Kisha tukaingia kidato cha kwanza. Masomo yakageuka Kiingereza kwa siku moja, na baada ya miaka saba ya Kiswahili tukaona hata akili ya kupanga jambo ni mzigo wa lugha ya zamani, tuuache mlangoni. Tume ya Makweta, iliyoundwa na Rais kutazama elimu yetu, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee sekondari, sera ya elimu ya mwaka 2014 ikaja na mwelekeo huohuo, na watoto bado wanavuka daraja lilelile. Mjadala huo una wenyewe, siufufui hapa. Nasema tu kwamba chuoni, kwenye lile somo la stadi za mawasiliano la mwaka wa kwanza, ukumbi umejaa hadi wengine wamekaa kwenye ngazi, niliulizwa nitaje vikwazo vya mawasiliano. Nikavitaja vyote. Hakuna aliyenipa barua mbovu akaniambia nitengeneze.

Na kuna neno moja ningelipiga marufuku ofisini kwangu ningeweza: changamoto. Kontena limeandikwa uzito usio wake, forodha wameshikilia, mteja anapiga simu kila nusu saa, mwanafunzi anakuja: "Madam, kuna changamoto kidogo." Kwa Kiswahili tumelizoea, tunalikuna hadi maana yake itoke. Akilihamishia kwenye imeili ya Kiingereza, "there is a small challenge", yule wa Mumbai anaamini kweli ni ndogo na anaenda kula. Heshima yetu ya kulainisha habari mbaya ni nzuri sana msibani. Bandarini inagharimu.

Kwenye usaili ndipo malezi yanapotukamata vizuri zaidi. Tumekuzwa na "chema chajiuza, kibaya chajitembeza", halafu siku moja unakalishwa mbele ya watu watano unaambiwa jitembeze. Kijana anaulizwa ajieleze, anakimbilia pasipo na majivuno: jina, Mtanzania, amezaliwa Kagera, mtoto wa pili kati ya sita. Yote kweli, na hakuna aliyeyauliza. Mimi huwaambia waache kujisifu, wasimulie kazi moja tu waliyoifanya kwa mikono yao mwanzo hadi mwisho. Wapo wasioikumbuka hata moja. Hapo tatizo si lugha tena.

Zoezi ninalowapa sasa ni la Kiswahili. Kabla hujafungua imeili, niambie kwa mdomo, kama unamtuma mdogo wako dukani: nani, nini, lini. Ukishindwa kuniambia mimi, Kiingereza hakitakuokoa. Ukiweza, kaandike.

Sitaki wavue adabu, lakini. Kuna mmoja alimwandikia mgeni "Sorry for the work", akimaanisha pole na kazi, na mgeni akajibu kwa hofu akiuliza kazi imeharibika wapi. Tulicheka wiki nzima, na tangu siku hiyo wengi wao waliogopa hata kusalimia.

Yule binti wa aya tatu alikaa nasi hadi Septemba. Wiki yake ya mwisho aliomba DO nyingine, akanionyesha kabla ya kutuma. Kichwa kilikuwa na namba ya BL na saa tunayoitaka, chini mistari miwili, viambatisho vipo. Mwisho kabisa aliandika, kwa Kiswahili, "Pole na kazi." Nikataka kumwambia afute, nikanyamaza. DO ikaja kabla ya chakula cha mchana, na chini yake swali: hayo maneno ya mwisho yana maana gani?

Akanigeuzia kompyuta. "Madam, sasa hapa namjibuje?"