Vidole havisubiri bajeti

Ukitaja dawa za kibayolojia, yaani sindano zinazotengenezwa kwa kutumia chembe hai, hapa Dodoma jibu huja haraka: hizo ni za matajiri, sisi hata za presha zinatushinda. Ni kweli ni ghali. Ila hesabu hiyo inapima bei ya sindano peke yake, haipimi kile anachopoteza mgonjwa akingoja, hasa mwenye baridi yabisi ya soriasisi: ugonjwa wa maungio unaoambatana na soriasisi, ile ya magamba ya ngozi.

Ugonjwa huu huweza kuwapata hadi watu 30 kati ya kila 100 wenye soriasisi ya ngozi. Mkulima wa zabibu wa Hombolo mwenye magamba viwikoni na kidole kilichovimba kama soseji huambiwa ana gauti, au mifupa inasagika, akapewa diklofenaki. Maumivu yanatulia, mfupa unaendelea kuliwa. Methotrekseti, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ni nafuu na ngozi huitibu vizuri, lakini ushahidi kwamba inalinda maungio ni hafifu. Dawa za kibayolojia zinazozuia TNF, protini ya mwili inayochochea uvimbe, kama adalimumabu, zimeonyesha hata kwenye eksirei kwamba uharibifu unapunguzwa kasi.

Utafiti wa Ireland uliochapishwa 2015 uliona kwamba waliochelewa kumfikia mtaalamu kwa zaidi ya miezi 6 walikuwa na mifupa iliyolika zaidi na maungio yasiyofanya kazi vizuri. Miezi 6! Kwetu huo ni muda wa kuzunguka maduka ya dawa, kupita kwa mganga, kisha kungoja mavuno ndipo nauli ya rufaa ipatikane. Na mfupa ukishalika, hakuna sindano ya kuurudisha, iwe ya bei gani.

Wanaosita wana hoja moja nzito kuliko bei: kifua kikuu. Tanzania imo kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, na TNF ndiyo inayosaidia mwili kuwadhibiti vimelea waliolala. Kwa hiyo kipimo kwanza, na dawa ya kinga kwa anayehitaji. Secukinumabu, dawa nyingine ya kibayolojia isiyozuia TNF, ina hatari ndogo zaidi upande huo. Sindano hizi huhitaji ubaridi, lakini suala la friji linatatulika. Chanjo zinahifadhiwa kila wilaya.

Tena WHO iliiweka adalimumabu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na nakala zake, yaani dawa zinazofanana nayo za kampuni nyingine, zimeshusha bei Ulaya tangu 2018. Hakuna anayedai kila mwenye soriasisi achomwe. Wanaohitaji ni wale ambao maungio yanazidi kuvimba licha ya methotrekseti, na kitita cha bima ya afya kwa wote kingeweza kuanza na hao.