Kafulia nani?

Juzi nimekaa barazani na mtoto wa kaka yangu, kainamia simu. Akamtaja msanii mmoja ambaye miaka mitatu nyuma harusi haiishi bila ya nyimbo yake. "Huyo kafulia, Ami. Tazama, watu mia nne tu wamemsikiliza wiki nzima."

Kafulia! Mtu anahesabiwa kama mafungu ya dagaa sokoni Darajani.

Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarabu, alipopewa tunzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005 alikuwa keshakuwa bibi kizee, tena akaendelea kupanda jukwaani. Nani alimhesabia wiki?

Lakini linalonichoma hasa ni jengine. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, kazaliwa hapa hapa Unguja mwaka 1946, kafa 1991, na wimbo wake Bohemian Rhapsody umeshasikilizwa zaidi ya mara bilioni mbili kwenye Spotify peke yake, mtandao wa kusikilizia nyimbo. Simu haikumfanya afulie. Kwa nini? Kwa sababu kazi yake ilitunzwa, ikaandikwa, kila wimbo una mwenyewe na kila senti ina pa kwenda. Kanda zetu za taarabu ziko wapi? Kabatini, zimeota ukungu. Nyengine nilizifuta mie mwenyewe, nikarikodia mpira wa redioni. Nakiri, na Mungu anisamehe.

Halafu wasanii wanaambiwa wapandishe nyimbo mtandaoni, watatajirika. Haya. Tangu 2024 Spotify haiulipi wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12. Mpiga udi wa Wete, Pemba, atazitoa wapi hizo elfu, na wanaompenda wanarushiana nyimbo zake WhatsApp? Anapendwa bure.

Sawa, kijana nimpe chake. Bila ya simu yake nisingemsikia Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu wa zamani, usiku wa manane, ndani ya chandarua, sauti aliyokwenda kuitia kwenye santuri Bombay mwaka 1928. Inakwaruza, lakini ipo.

Jioni nikaitoa kanda yangu moja iliyonusurika, nikaitia kwenye redio kaseti. Fidla ikalia, mwanamke akaanza kuimba. Kijana akanyamaza mpaka wimbo ukamaliza, akashika simu yake.

"Ami, anaitwa nani huyu, nimtafute?"

Nikaligeuza ganda la kanda. Limeandikwa kwa kalamu ya wino: "Harusi. Upande wa pili."